Ramani Yenye Uani wa Bi Maimuna

Siku mambo yalipoharibika, Mishi alikuwa amelala chali chini ya meza, miguu nje, anakaza waya wa kompyuta iliyokuwa ikizimika yenyewe. Chumba chake cha gemu kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, Bi Maimuna, pale Msambweni barabarani. Alikikodi kama mpangaji mwingine yeyote. Ukuta ulikuwa mwembamba, na mtu akibisha hodi kwa shangazi, Mishi husikia kila neno.

Aliyebisha hodi alikuwa Jaafar. Huyu mchana alipelekea watu mitungi ya gesi kwa pikipiki, na jioni alikuwa mteja wa Mishi, tena katika wale wasiopenda kuinuka.

"Hodi hapa! Gesi!"

"Iache mlangoni, mwanangu," alijibu Bi Maimuna kutoka ndani. "Atakuja mtu kuichukua."

"Ni nzito hii, Bi. Nifungulieni mlango wa uani niipitishe huko nyuma, niiweke baina ya pipa na mlimau. Pale pana saruji, haitaanguka."

Mishi aliacha kukaza waya.

"Wewe Jaafar. Uani kwangu umeingia lini?"

"Sijaingia, Bi. Haki ya Mungu sijaingia."

"Pipa umelijuaje? Na mlimau?"

"Kwa gemu, Bi. Mimi hapo nyuma ya pipa ndipo ninapojificha."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayesifu chakula cha mwenyeji. Mishi, chini ya meza, akafumba macho.

Mishi binti Shutu hakuwa mtu wa kutulia. Alipokuwa msichana aliuza viazi vya karai nje ya shule, na walipozidi wauza viazi akahamia vifuniko vya simu. Akafagia ofisi katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipofunga milango na kuanza kuuza vitu vyake, wenzake waligombania magodoro na vyombo vya jikoni. Yeye alizitaka kompyuta, zile nzee zilizorundikwa ghalani ambazo hakuna aliyeziulizia. Aliyesimamia mauzo akamwambia hazina faida. Mishi akamwambia ndiyo sababu anampunguzia mzigo, na kama ni muungwana atamtolea na gari la kuzibeba. Gari lilitoka.

Kompyuta za aina ile hazikuwezana na gemu mpya. Lakini kulikuwa na gemu moja ya zamani, ya kukimbizana na kupigana risasi, watu wanane kila mmoja na mashine yake, wote wameunganishwa kwa waya. Haikutaka mtandao wala mashine ya nguvu. Tena ndani yake ilikuja na karakana: programu ya kujengea viwanja vipya vya kupigania, ambavyo wachezaji huviita ramani. Unachukua tofali lililo hewani, unalivuta liwe ukuta, unalitoboa liwe mlango, unalivika picha ya chokaa au ya bati. Ukimaliza, unaiamuru kompyuta iipike ramani, nayo hukaa ikichemka mpaka iive. Ukiacha ufa, hata wa kupitisha sindano, inagoma: ramani inavuja. Unarudi kutafuta ufa. Mishi hakufundishwa na mtu. Aliharibu mpaka akajua.

Na hakuanza kujenga ramani kwa mapenzi. Ukunda kulikuwa na Mangi, mtu wa bara, mwenye chumba kikubwa cha gemu chenye kipoza hewa na viti vya kuzunguka. Nani angeliacha hayo akakae kwenye benchi la Mishi? Basi Mishi akawapa wateja kitu ambacho Mangi hakuwa nacho, mtaa wao wenyewe. Aliupima kwa hatua, akapiga picha za kuta kwa simu, akaujenga: duka la Mbarak na mapipa yake ya mafuta ya taa, kona ya wauza samaki, uchochoro wa nyuma, mabaraza yote. Msikiti hakuuweka. Makaburi hakuyaweka, wala hospitali. Hapo akili yake ilikuwa macho.

Ilisinzia kwenye uchochoro. Uchochoro ule ulikuwa hauna pa kutokea, na kila aliyeingia alipigwa risasi akalala, mchezo ukadoda. Ilitakiwa njia ya kupenya. Mwanamume angekwama hapo, maana mwanamume wa Msambweni, hata kama amezaliwa nyumba ya pili, hajui nyuma ya mlango wa uani wa watu kuna nini, na akijua hasemi. Mishi alijua. Uani kwa shangazi yake alikuwa amekunia nazi, amesukwa nywele, amepigwa na mwiko. Kwake pale hapakuwa na siri, palikuwa mahali tu, penye mlango wa uchochoroni na mlango wa jikoni. Akauvuta ukuta, akatoboa milango, akaweka pipa, mlimau, choo cha pembeni na kamba ya nguo. Akaipika ramani, ikaiva bila kuvuja.

Uani ukawa moyo wa gemu. Vijana walitoka Majoreni kuja kupigania pipa. "Nipo uani, njoo kama umeoga!" mmoja hupiga kelele, na mwenzake hujibu, "Nakuja kwa mlango wa choo, jifunike!" Siku zote hizo Bi Maimuna alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia kelele, hajui wanaongea habari za kwake.

Sasa alijua. Mishi aliitwa kabla Jaafar hajawasha pikipiki.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani, ungo wa mchele mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

"Nimeacha mashine wazi, nita—"

"Mishi, kaa."

Akakaa.

"Nionyeshe."

Mishi akaleta kompyuta yake ndogo ya kubebea, akaifungua, akampitisha shangazi yake uchochoroni mpaka mlangoni kwake. Mlango ukafunguka. Bi Maimuna aliacha kupepeta. Aliliangalia pipa, akauangalia mlimau, macho yakaganda kwenye kamba.

"Hiyo kanga ni yangu?"

"Ni picha tu, shangazi."

"Sikuuliza kama ni picha. Ni yangu au si yangu?"

"Ni yako."

Wakati huohuo mwanamume mwenye bunduki, kikaragosi cha kompyuta tu, alitokea nyuma ya choo akapita mbele yao akienda jikoni. Bi Maimuna akajitanda ushungi vizuri. Mishi aliona mkono ule ukipanda kichwani, akajua kesi yake imekwisha.

"Mwanangu Ummi anaolewa lini?"

"Baada ya Idi."

"Singo ya kumng'arisha mwili kabla ya harusi atapakwa wapi?"

"Uani."

"Wanawake wa kwa mumewe watakaa wapi?"

"Uani, shangazi."

"Na kaka zao na watoto wao wa kiume, wanaokuja kwako kila jioni, wanajua nini?"

Mishi akaifunga kompyuta.

"Wanajua choo changu kinafungukia upande gani! Nimekaa nyumba hii tangu nilipoolewa, mchukuzi wa maji huacha ndoo kizingitini. Wewe, mtoto wa kaka yangu, umewafungulia mpaka jikoni."

"Nitapafuta leo hii hii."

"Futa. Lakini chumba nakifunga. Siku nitakayojua hakuna mwanamume awezaye kuingia kwangu, si hapa tu, popote, ndiyo siku utakayopewa ufunguo. Ikifika harusi na bado wanaingia, katafute chumba kwingine."

"Shangazi, Idi ndiyo kazi yangu! Mashindano nimeshayatangaza, watu wanatoka Tiwi mpaka Vanga."

"Nami harusi ndiyo kazi yangu."

"Sasa ukifunga, nitapafutaje? Kompyuta zimo humo."

"Hiyo uliyoshika ni mkate?"

Mishi aliwahi kubishana na wanunuzi wa Kongowea na madalali wa Likoni. Alijua bei iliyofika mwisho ikoje. Akasimama akaondoka, na nyuma yake akasikia kufuli likibanwa.

Kufuta uani kwenye ramani ni kazi ya kunywea chai. Aliuziba mlango, akaifanya nyumba nzima ya shangazi yake kuwa jabali moja lisilo na ndani, akaipika. Akarudi akamwonyesha. Bi Maimuna aliangalia mara moja.

"Na kwa Mangi?"

Mishi alikuwa anatumai jina hilo halijafika uani. Maana ile ramani hakuiweka kwake peke yake. Ilipovuma na vifaa vikampungukia, alikwenda nayo Ukunda mwenyewe, kwa flashi, akaifunga kwenye mashine za Mangi kwa mkono wake, akapewa kibodi mbili na kisanduku cha kuunganishia nyaya. Aliona amefanya biashara nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Kutoka kwa Mangi ramani ikatembea, flashi kwa flashi, hadi kwenye kompyuta za vijana wa Tiwi na Diani ambao Mishi hawajui hata kwa sura.

Akapanda gari kwenda Ukunda bila kula.

"Madam Mishi!" Mangi aliinuka nyuma ya kaunta. "Leo umekumbuka sisi wadogo. Soda?"

"Soda baadaye. Ile ramani ya Msambweni nataka uifute."

"Ati niifute? Hiyo mapu ndiyo inaniletea watu. Weh, hiyo siwezi."

"Ina makosa."

"Makosa gani? Wanaipenda hivyo hivyo."

Ikabidi amweleze, kwa kifupi, bila kutaja singo. Mangi alimsikiliza kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara.

"Pole kwa mamako."

"Ni shangazi yangu."

"Pole kwake. Lakini Mishi, si uliniuzia? Kibodi nilikupa, switchi nilikupa. Nishawahi kuja kukwambia nirudishie?"

"Nitakurudishia."

"Kibodi zimeisha herufi. Mapu yangu bado iko poa."

Mishi hakukasirika. Angekuwa yeye ndiye amekaa nyuma ya kaunta ile angesema maneno hayohayo, labda kwa Kiswahili kizuri zaidi. Nyuma ya Mangi kijana mmoja alipiga kelele, "Yuko uani huyo! Mmalize kwa kamba ya nguo!" Mishi akageuka, akatoka nje, akasimama juani akipangusa mikono kwenye buibui ingawa haikuwa na jasho.

Hakurudi moja kwa moja. Alitembea kwenda chini, akarudi juu, akapita maduka yale yale mara mbili. Alikuwa anahesabu. Kumshinda Mangi pengine angeweza. Lakini wale wengine, wenye ramani kwenye kompyuta zao za nyumbani, atawaomba mmoja mmoja? Ukimwomba kijana afute kitu, ndiyo kwanza anakihifadhi.

Kisha akakumbuka jambo ambalo kila mchezaji hulijua na hulitukana. Ile gemu haiungi watu wenye ramani tofauti. Mwenyeji wa mchezo akiwa na ramani moja na wewe ya kwako imetofautiana naye hata tofali, jina likiwa lilelile, unafungiwa nje na maandishi mekundu. Ukitaka kuingia, unaweka ya mwenyeji juu ya yako, na yako inakwenda na maji. Kumbe hakuna haja ya kumwomba mtu afute. Inatakiwa wote watake kuingia mahali pamoja, siku moja, kwa mwenyeji mmoja. Na siku hiyo ilikuwepo tayari, mashindano ya Idi, kitu pekee ambacho Mangi, na viti vyake vyote vya kuzunguka, hakuwahi kukipata. Watu walizoea kwamba Idi ni Msambweni.

Lakini ramani mpya iwe tamu. Alimtafuta Jaafar, akampa ile yenye jabali aicheze.

Jaafar alizunguka mtaa, akaingia uchochoroni, akagonga ukuta, akapigwa risasi ya mgongo.

"Hii umeiua, Mishi."

"Zoea."

"Nizoee nini? Nikiingia hapa ni kama nimeingia kaburini. Mimi nitacheza ya zamani kwa Mangi, bwana."

"Wewe ndiye uliyenifikisha hapa na mdomo wako, na bado unanichagulia?"

"Mimi nilitaka kuweka gesi tu!"

Basi Mishi akawa anainuka kwenye kompyuta, anatembea, anarudi kwenye kompyuta. Alichukua mlango mmoja mmoja wa mtaa ule akautoboa, akauziba. Nyuma ya duka la Mbarak kuna nini? Kuna mkewe Mbarak. Nyumba ya kona? Kuna mama mzazi na mjukuu mchanga. Hakupata hata mlango mmoja usio na mtu nyuma yake, na kila alipoinua tofali alimwona mwenye nyumba akijitanda ushungi. Alijaribu kuchimba handaki chini ya barabara, likawa kichekesho, Msambweni na mahandaki wapi na wapi. Akalifuta. Akaimwaga chai aliyosahau kuinywa, pamoja na majani.

Katika mtaa mzima kulikuwa na ndani moja tu ambayo yeye ana ruhusa ya kuifungua: chumba chake cha gemu.

Alikijenga kwa hasira, na kikatoka vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Benchi lenye mguu wa tofali, meza za mbao, pazia la mlangoni, nyaya zinazoning'inia, kibao cha HAKUNA MKOPO, hata feni iliyovunjika ubawa. Dirisha lake la ubavuni kweli lilitazama uchochoro, na mtu mwepesi angeweza kulirukia. Mchezaji sasa aliingia kwa mlango wa barabarani, akapita chini ya kaunta, akatokea dirishani, mkwamo ukazibuka. Alipoipika ikagoma. Inavuja. Akapita pembe kwa pembe, akapika tena, ikavuja tena, na ufa akaja kuuona juu ya feni, mahali ambapo paa la chumba chake halikufikia jabali la shangazi yake. Akausukuma ukabana.

Jaafar akapewa aicheze. Alicheza, akauawa, akaanza tena. Mishi akamnyang'anya kompyuta.

"Tamu?"

"Nipe."

"Nimekuuliza."

"Nimejificha chini ya kaunta yako, Mishi! Pale unapoficha maandazi! Nipe."

Huyo ndiye aliyempa moyo wa kurudi Ukunda. Safari hii alikunywa soda ya Mangi.

"Nina kitu unachokitaka," alimwambia.

"Hiyo mapu mpya? Nishasikia."

"Ramani nitaileta hata usipotaka. Nasema mashindano."

Mangi akaweka chini simu.

"Mashindano ya Idi yatakuwa hapa kwako," Mishi alisema. "Nitatangaza mwenyewe, kwa jina langu. Umati wote huu unaokupita kila Idi ukienda Msambweni, utasimama hapa. Wewe unafuta ile ya zamani kwenye mashine zako zote, mimi nikiona. Siku hiyo inachezwa mpya peke yake. Mtu akija na kompyuta yake, anaiweka mpya au anabaki mtazamaji."

"Na wewe unapata nini?"

"Hilo ni langu."

"Hapana, niambie, sababu nikiona mtu ananipa kitu kubwa hivi bila kuitisha, naogopa."

"Napata chumba changu."

Mangi akafikiri. "Idi zote," akasema. "Kutoka sasa."

"Hii moja."

"Moja? Watu wazoee njia halafu wageuke?"

"Hii na Idi Ndogo ijayo. Baada ya hapo tunashindana, na Mungu atampa amtakaye."

Mkono ukapewa mkono. Mishi alirudi Msambweni akijua kile alichokitoa. Watu wakishakaa kwenye viti vya kuzunguka mara mbili, benchi lenye mguu wa tofali litakuwa na kazi kuwarudisha. Lakini benchi lisilo na chumba ni kuni tu.

Kwa Bi Maimuna alikwenda kama anayekwenda kudai.

"Idi, Ukunda. Baada ya siku hiyo hakuna atakayekuwa na ile ramani."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

"Wewe ndiye uliyesema kanga ni picha. Nitakwenda mwenyewe."

Mishi alidhani ni maneno. Lakini siku ya Idi, baada ya nyama kugawanywa na wageni kupikiwa pilau, Bi Maimuna aliteremka mbele ya chumba cha Mangi, buibui jeusi, mkoba kwapani, akasimama kizingitini akatoa salamu. Chumba kilikuwa kimejaa vijana hadi madirishani. Walioketi wakasimama. "Shikamoo, Bi. Shikamoo. Shikamoo." Mangi akamletea kiti bora, kile cha kuzunguka. Bi Maimuna akakijaribu kwa mkono, kikamgeuka, akakikataa. Akapewa cha plastiki, akakiweka mbele ya skrini kubwa ya ukutani, akakaa.

Mishi alikuwa anakwenda huku na huku na flashi shingoni, anafunga ramani kwenye kompyuta za waliokuja na zao. Kila anapoinama humwambia mwenye kompyuta, "Weka juu ya ile, kubali, kubali," na ile ya zamani inafunikwa. Nusu ya kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Ndipo kijana mmoja wa Tiwi, Katana, bingwa aliyejileta na kompyuta yenye taa nyekundu, akafunga mkono juu ya kibodi.

"Mimi hii sichezi. Nimefanya mazoezi na yenye uani."

"Inachezwa hii, Katana. Ilitangazwa."

"Tuulize watu! Jamani, hii au yenye uani?"

"Yenye uani!" wakajibu waliokuwa dirishani, ambao hawakumwona nani kakaa mbele. Wengine wakadaka. "U-a-ni! U-a-ni!" Wakawa wanapiga meza. Mangi akamtazama Mishi, akautazama umati uliojaza chumba chake, na Mishi akaona kabisa jinsi mkono waliopeana unavyoanza kulegea.

"Mishi, labda raundi moja tu," Mangi akasema. "Ya kuwatuliza."

"Tulikubaliana."

"Najua tulikubaliana, lakini si unawaona?"

Bei zote alizokuwa nazo Mishi alishazitoa.

Bi Maimuna akainuka. Hakupandisha sauti. Alisubiri tu, na waliokuwa karibu naye wakanyamaza kwanza, kisha waliofuata, kimya kikaenda hadi dirishani.

"Huo uani ni wangu," akasema. "Mimi ndiye Maimuna. Nani anataka kuingia?"

Mtu mmoja alikohoa.

"Nasikia mnapiga meza. Basi anayetaka kuingia kwangu aje hapa mbele, aniambie jina lake, na jina la babake, na mamake anakaa wapi. Nami nitakwenda kumpigia mamake hodi, niingie kwake hadi jikoni, niangalie anaanika nini. Si ni mchezo?"

Wote wakatazama sakafu. Jaafar, aliyekuwa ameshika nafasi nzuri karibu na skrini, alijikunyata nyuma ya mwenzake mnene.

"Wewe kijana, mwenye taa."

"Naam, Bi," akasema Katana.

"Mamako hajambo?"

"Hajambo, Bi. Yuko Tiwi."

"Tiwi wapi?"

Katana akaivuta kompyuta yake, akamnyooshea Mishi mkono apewe flashi, akaweka ramani mpya, kubali, kubali. Walioficha kompyuta mabegini wakaanza kuzitoa wenyewe, wakapanga foleni. Mishi alifanya kazi mpaka vidole vikamuuma, na Mangi, kwa kutaka kusamehewa, alimshikia waya.

Mchezo ukaanza. Bi Maimuna alikaa hadi mwisho, mkoba mapajani, hajui nani anashinda. Aliangalia kitu kimoja. Wanaume wenye bunduki waliizunguka nyumba yake, wakaipiga risasi, wakaisukuma, wakakimbilia kwingine. Haikufunguka. Kisha wakamiminika chumbani kwa Mishi, wakarukia benchi, wakapasua kaunta.

Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Bi Maimuna akafungua mkoba, akautoa ufunguo, lakini hakuachia.

"Kwako wanaingia," akasema.

"Kwangu ni dukani, shangazi. Waingie tu."

"Ile picha ya chumba chako. Baina yako na mimi nimeona ukuta mtupu. Mlango wa kati umekwenda wapi?"

Mlango huo ulikuwepo kweli, wa mbao, kutoka chumba cha gemu kuingia ukumbini kwa shangazi. Mishi alizoea kuupitia kwenda kuomba maji ya kunywa.

"Niliuziba. Ningeuacha wangepata njia."

"Basi uzibe na ule wa nyumbani. Kwa tofali na saruji, kabla ya singo. Ukimaliza, harusi ikipita, fungua chumba chako. Siyo kabla."

"Shangazi, mlango ule ni wa nyumba. Nyumba ni yako. Tofali tugawane."

"Mishi."

"Basi saruji juu yangu, fundi juu yako."

"Mishi, ufunguo huu naurudisha mkobani."

"Tofali juu yangu, saruji juu yangu, fundi juu yangu," Mishi akasema haraka. "Chokaa upande wako utapaka mwenyewe, mimi sitaingia tena huko."

"Chokaa nitapaka," akasema Bi Maimuna, akamwekea ufunguo kiganjani.

Mishi alikuwa ameshatoa simu, anamtafuta Mwero fundi, ambaye bila shaka alikuwa kwake anakula pilau na hakutaka kusikia habari za saruji siku ya Idi. Simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ndani kwa Mangi walianza kupiga meza wakidai raundi nyingine, na mmoja alikuwa anamwita yeye, mashine imeganda. Aliwaonyesha mkono kwamba wangoje, akaenda na simu sikioni hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara, kuona kama limefunguliwa, na kama mwenye duka yuko katika hali ya kupunguza.